Masalu Hahamishwi

Siku Bartholomeo alipofika stoo kwetu Kalangalala alikuwa amevaa raba nyeupe. Nataja raba kwa sababu ndizo zilizokuwa za kwanza kujifunza kazi yetu. Mpaka saa nne asubuhi zilikuwa zinajua grisi ni nini, oili chafu inatoka wapi, na kwa nini sisi wengine tunavaa gamboti hata wakati wa kiangazi.

Kampuni yetu inaitwa Igembe Mitambo. Tunauza vifaa vya wachimbaji wadogo wa dhahabu: vya makarasha yanayosaga mawe, vya pampu zinazotoa maji mashimoni, vya winchi zinazopandisha ndoo. Makao makuu yako Shinyanga, sisi ni tawi la Geita. Mimi naitwa Limi, karani wa stoo, kidato cha nne daraja la tatu. Usicheke, hesabu nilipata B. Mtunza stoo alikuwa Masalu, mzee wa Kishapu aliyekaa katika stoo ile miaka ishirini na sita, na siku Bartholomeo anafika, mzee alikuwa amebakiza wiki mbili tu astaafu.

Mimi nilikuwa simwiti Masalu. Nilimwita guku, ndiyo babu kwa Kisukuma, na kwa kuwa babu na mjukuu ni watani, yeye aliniita mke wangu. Kila asubuhi nilimsalimia shikamoo, akaitikia, kisha nikauliza, "Mke mwenzangu kaamkaje?" Nilikuwa namaanisha mkewe, Mama Mariana. Naye alijibu, "Kaamka salama, ila anasema zamu yako ya kuosha vyombo umeikimbia tena."

Bartholomeo alitusikia asubuhi ile akaandika kitu kwenye daftari lake. Mchana nilichungulia. Alikuwa ameandika: "Mtunza stoo na karani ni mume na mke. Kufuatilia mgongano wa maslahi."

Nikajua tumeletewa mtu wa kweli.

Alikuja na mfumo kutoka makao makuu. Kampuni nzima ilikuwa inahamia kwenye kompyuta: Shinyanga walishaanza, sisi tulikuwa tunafuata. Vifaa vyote elfu moja na mia nane vya stoo yetu vilikuwa vimeshaingizwa, kila kimoja na jina lake la kiwandani, namba ndefu kama ya kitambulisho cha taifa, na rafu kilipo. Kilichobaki, alisema Bartholomeo, ni kuhamisha maarifa.

Na kweli hapo ndipo palikuwa na kazi. Fundi wa kwetu hapigi simu kuomba namba ndefu. Anaomba "mdomo wa kambale", ambayo ni sili ya pampu iliyotanuka pembeni. Anaomba "dada mkubwa" au "dada mdogo", ambayo ni mikanda miwili ya karasha. Anaomba "beringi ya Nkwabi", kwa sababu Nkwabi ndiye aliyegundua kwamba beringi ya trekta inaingia kwenye karasha la Kichina bila kugongwa hata nyundo moja. Majina yote hayo yalikuwa mahali pamoja tu duniani, nayo ni kichwa cha Masalu. Simu ikilia anasikiliza, anaguna, anainuka, na kabla fundi hajamaliza kulalamika kuhusu mtandao, kifaa kiko mezani.

Meneja wetu, Mama Salome, alituita sote siku hiyo hiyo. Ni mama mpole, lakini akivua miwani ujue habari si nzuri. Alivua.

"Makao makuu wametoa masharti," alisema. "Ijumaa ya wiki ijayo kutakuwa na jaribio. Mafundi watatu watapiga simu, kila mmoja ataomba kifaa kwa maneno yake. Atakayetafuta ni Esta wa mapokezi, ambaye hajawahi kuingia stoo. Dakika tano kila kifaa. Masalu atakaa nje, haruhusiwi kusema neno. Kikikosekana hata kimoja, stoo inahamishiwa Shinyanga na vifaa vitakuwa vinakuja kwa basi."

"Na sisi?" nikauliza.

"Shinyanga wana karani," alisema, akavaa miwani.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Mimi ndiye niliyekuwa na cha kupoteza pale. Guku alikuwa anakwenda zake kwa ng'ombe. Mafundi wangenuna, wangezoea basi. Lakini mimi nilikuwa nimeitaka stoo ile tangu siku ya kwanza niliyofagia kati ya rafu zake. Niliitaka kama wenzangu wanavyotaka harusi.

Bartholomeo alianza kwa kutuonyesha picha ukutani kwa projekta. Upande mmoja kichwa cha mtu, upande wa pili kompyuta, katikati mshale mkubwa mwekundu. Juu imeandikwa: Kuhamisha Maarifa. Masalu alitazama picha ile kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua dume la kununua.

Kisha wakaketi na fomu. Fomu ya Kuhamisha Maarifa, safu sita.

"Mzee, mdomo wa kambale uko wapi?"

"Uko pale."

"Pale wapi, mzee wangu?"

"Pale pale."

"Na unautambuaje?"

"Ukiuona."

Walikaa hivyo siku tatu. Bartholomeo hakuwahi kupandisha sauti, nampa heshima yake. Alirudia maswali, alileta soda, alijaribu hata kuamkia kwa Kisukuma akamsalimia mzee salamu ya jioni saa mbili asubuhi. Jumatano alinionyesha alichovuna. Karatasi tatu, na katika kila mstari neno moja: pale.

"Limi," alisema, "huyu mzee ananichukia?"

"Hakuchukii. Angekuchukia angekutuma Nyarugusu ukafuate kifaa ambacho hakipo."

"Sasa tatizo ni nini?"

Sikujua. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, au kwamba hapendi kompyuta. Kumbe hata sikuwa karibu.

Alhamisi mchana tulikuwa tunakula ugali na sato kwenye benchi nje ya dirisha la stoo, mimi na yeye. Nikamchokoza kama kawaida.

"Guku, unaninyima kazi. Mume wa namna gani anamnyima mkewe kazi?"

Hakucheka. Alitenganisha mwiba wa samaki taratibu.

"Mke wangu, wewe umesoma. Kitu kikihamishwa, kule kilikotoka kinabaki nini?"

"Nafasi," nikasema.

"Umejibu vizuri. Ule mshale wa kijana umeuona?"

"Nimeuona."

"Mmoja. Wa kurudi haupo." Alilamba vidole. "Mimi nikiwa kijana nilihamisha ng'ombe kutoka Kishapu kwenda Kahama. Zizi la nyuma lilibaki samadi na kupe. Leo mnataka kuhamisha kichwa. Nikifika nyumbani mtu akiniuliza habari ya beringi nitamjibuje? Nitamwambia subiri kwanza, imehamia Geita kwenye kompyuta?"

Nilitaka kucheka, nikaona jicho lake, nikaacha. Mzee hakuwa anatania. Miaka ishirini na sita mtu anajulikana kuanzia Katoro mpaka Runzewe kwa kitu kimoja, halafu anakuja mgeni mwenye raba nyeupe na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba kitu hicho kinaondoka. Neno lenyewe liliandikwa juu ya fomu kwa herufi kubwa. Sisi tulilisoma tukapita. Yeye alilisoma akalielewa.

Ndipo nikakumbuka ng'ombe wake wengine.

"Guku, na wale walioko kwa Maige?"

"Wale sijawahamisha," alisema, kama vile nimemtukana. "Wale nimebilisa."

Kama hukuzaliwa Usukumani nikueleze. Kubilisa ni kumpa mtu ng'ombe wako amtunze kwake. Maziwa anakunywa yeye, samadi anamwaga shambani mwake, hata kulima analimia. Lakini ng'ombe ni wako, na kijiji kizima kinajua ni wako.

"Yule mwekundu akipita," aliendelea Masalu, "muulize mtoto yeyote wa Maige, huyu wa nani. Atakwambia wa Masalu. Maige mwenyewe hathubutu kusema wake."

"Na akizaa?"

"Akizaa naletewa habari. Lazima."

"Basi na haya majina ubilise."

Aliweka tonge chini. Nilisikia karasha la jirani likisaga mawe, na muuza karanga akipita.

"Kwa nani?" aliuliza.

"Kwangu."

"Na ile kompyuta?"

"Ile ni zizi tu, guku. Umewahi kusikia zizi linadai ng'ombe?"

Hapo ndipo alipocheka, kicheko chake cha puani, akanipa kichwa cha sato. Kwa wasiojua, Masalu hajawahi kumpa mtu kichwa cha samaki. Mama Mariana mwenyewe analalamika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bartholomeo nikamwambia abadilishe kichwa cha fomu. Iitwe Fomu ya Kubilisa. Na kwenye mfumo, chini ya kila jina la kifaa, paongezwe mahali pa kuandika: Imebiliswa na nani.

"Limi, hilo neno halimo kwenye mwongozo wetu," alisema.

"Hata 'pale' halimo, na unazo karatasi tatu."

Alinitazama, akatazama karatasi zake, akaanza kutingishika mabega. Yule kaka akicheka hatoi sauti. Kisha akauliza swali moja la maana, nalo ndilo lililonifanya nimsamehe zile raba: "Kwa hiyo maarifa yakiongezeka, mwenyewe lazima aambiwe?"

"Lazima."

"Basi nitaweka na sehemu ya kumpigia simu."

Ijumaa asubuhi Masalu aliisoma fomu mpya kuanzia juu mpaka chini, akavuta kiti, akaanza kusema. Jamani, yule mzee alisema. Alisema mpaka kalamu mbili zikaisha wino. Mdomo wa kambale uko rafu ya tisa, chini, na unautambua kwa ufito wa bluu, ule mstari unaozunguka ukingo. Ukikuta ufito wa kijani ni wa pampu za mashambani, usimpe mchimbaji, utavuja siku ya tatu. Bushi dume na bushi jike: dume lina mkato, jike halina, na fundi akisema "nipe yoyote" basi huyo si fundi, muulize ametumwa na nani. Bartholomeo aliuliza kwa nini dada mdogo ni mrefu kuliko dada mkubwa.

"Kwani wewe huna dada?" Masalu akamuuliza.

Bartholomeo akaandika jibu lile kama lilivyo.

Mimi nilikuwa naingiza kwenye mfumo. Habari zikavuja, kwa sababu mimi ndiye niliyezivujisha, kwamba majina ya watu yanaandikwa. Jumatatu Nkwabi alipiga simu kutoka Bukombe kuhakikisha kama beringi yake imo. Nikamwambia imo. Saa moja baadaye akapiga Mwita, fundi mwenzake.

"Dada, hiyo beringi niligundua mimi. Nkwabi alikuwa ameshika tochi tu."

"Kaka Mwita, mbona miaka yote umenyamaza?"

"Nilikuwa sijui kwamba inaandikwa."

Tulimpelekea Masalu kesi ile. Akafikiri, akatoa hukumu, nami nikaiingiza kama ilivyo, na imo mpaka leo: "Beringi ya Nkwabi. Mwita anapinga."

Mpaka Alhamisi tulikuwa na majina mia tatu na kumi na mawili. Nilikuwa natembea kati ya rafu nikijiona kama nimezaa yote. Rafu moja tu ilibaki, ya rola za winchi, yale magurudumu ya chuma yanayopitisha kamba juu ya shimo. Kwenye mfumo zilikuwa mistari miwili, Rola A na Rola B, na nilipozitazama kwa macho yangu zilikuwa sawa kabisa.

"Guku, hizi zina maneno gani?"

"Hizo ziache," alisema haraka. "Rola ni rola."

Nikaona amechoka. Nikaacha.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa wote stoo. Mama Salome na saa yake mkononi. Simu mezani, imewekwa sauti ya wazi ili kila mtu asikie. Esta wa mapokezi alikuja amepaka rangi ya mdomo, maana alisikia kuna watu wa makao makuu, kumbe wao watapigiwa tu simu ya matokeo. Esta ni rafiki yangu, lakini ukweli usemwe, bolti na nati kwake ni mtu na mkewe, hajui nani ni nani. Sharti lilikuwa kwamba kila atakachokipata kwenye kompyuta akisome kwa sauti, fundi akisikie athibitishe.

Masalu alikaa benchi la nje, uso wake ukionekana dirishani nyuma ya wavu. Alikuwa amenyoa ndevu.

Wa kwanza alikuwa Ghati, mama wa Kikurya anayetengeneza pampu Nyarugusu, ambaye wanaume humuamkia kabla hajawaona.

"Nataka mdomo wa kambale," alisema. "Na msinichelewesheni."

Esta akaandika, kikatokea. Akasoma ufito wa bluu, akaenda rafu ya tisa, akarudi nao. Dakika mbili.

"Ni wa bluu?" Ghati akauliza.

"Wa bluu, mama."

"Hivi huyo ni nani? Masalu kawa msichana?"

Wa pili alikuwa Nkwabi, naye bila shaka aliomba beringi yake, ili tu asikie jina lake likisomwa. Esta alisoma mpaka mwisho, pamoja na "Mwita anapinga". Kwenye simu kukawa na maneno ambayo makao makuu hawakuhitaji kuyasikia. Dakika tatu. Mama Salome alianza kutabasamu kwa upande mmoja.

Wa tatu alikuwa Sostenes, fundi winchi wa Runzewe. Mtu mkimya, mzuri wa kazi, ila mafundi wenzake wana jina baya walilompa: Mkata-Kamba. Mimi nilimkuta nalo. Nilisikia tu kwamba zamani, kabla sijaajiriwa, alifunga winchi vibaya kamba ikaruka.

"Dada habari," alisema. "Naomba lola ya winchi. Ya sasa imelika."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye gamboti. Rola. Ile rafu. Esta, ambaye kwao ni Kishapu kama kwa Masalu, alisikia lola na akaandika lola, herufi ya ele mbele. Nikaona Bartholomeo anafumba macho. Kwenye mfumo tulikuwa tumeandika kwa herufi ya ere. Sasa utatokea ukurasa mtupu, nikajisemea, na mimi nitaanza kutafuta kazi ya kuuza chipsi.

Ukurasa haukuwa mtupu. Ulitokea mstari ambao mimi sikuuandika.

Neno langu la siri la kuingilia mfumo lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi, na Bartholomeo alikwisha kunikemea mara nne juu ya jambo hilo. Inaelekea alikuwa na haki. Jana yake mchana, nilipokwenda kununua vocha, kuna mtu alikaa kwenye kiti changu akagonga herufi moja moja kwa kidole kimoja.

Esta akaanza kusoma. Huwa anasoma kama mtangazaji wa redio, hata akisoma bei ya unga.

"Lola ya winchi. Ziko aina mbili zinafanana kama mapacha. Uliza kwanza, kamba yake ni ya katani au ya waya. Katani inataka mfeleji mpana, kidole gumba changu kinaingia chote. Waya inataka mfeleji mwembamba, kidole kinakataa. Usikisie. Mwaka 2011 nilikisia. Nilimpa Sostenes mwembamba, kamba yake ilikuwa ya katani, ikaluka, ndoo ikaanguka shimoni. Mungu alisaidia watu walikuwa wametoka kula. Nikasema Sostenes amefunga vibaya. Hakufunga vibaya. Nilikosea mimi. Imebiliswa na Masalu."

Sauti ya Esta ilipungua kadiri alivyokwenda, na neno la mwisho alilisema kwa kunong'ona. Nilitazama dirishani. Masalu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama miguu yake.

"Dada," simu ikasema. "Rudia hapo mwishoni."

Esta akamtazama Mama Salome. Mama Salome akatikisa kichwa kukubali. Akarudia.

"Hayo nani kayaandika?"

"Imeandikwa Masalu."

Tulisikia jogoo anawika huko Runzewe, nyuma ya Sostenes.

"Miaka kumi na minne," alisema. Kisha akakohoa. "Haya. Mwambie kamba yangu ni ya katani. Na mwambie asiondoke hapo Geita kabla sijafika."

"Unakuja kwa ubaya, kaka?" Esta akauliza, kwa sababu Esta ndivyo alivyo.

"Nakuja na watu. Wote wanaoniita Mkata-Kamba nitawapakia kwenye gari moja niwalete, na wewe dada utawasomea. Kwa sauti hiyo hiyo."

Mama Salome akaonyesha saa: dakika mbili zimebaki. Esta akakimbilia rafu, akachukua rola mbili, akatia kidole gumba kwenye mfereji wa kwanza. Kikaingia chote. Akatia kwenye wa pili. Kikaingia chote.

"Zote ni za katani," akasema.

Nikatazama kidole chake, chembamba, kina rangi nyekundu. Nikatazama maneno kwenye kompyuta: kidole gumba changu. Cha Masalu, kilichonona kwa miaka ishirini na sita ya kushika chuma. Kitu pekee ambacho hatukukiingiza kwenye mfumo kilikuwa kidole.

Masalu alikuwa amekatazwa kusema neno, na hakusema. Aliinuka kutoka benchi, akasogea dirishani, akapenyeza kidole gumba kwenye tundu la wavu, akakiacha pale kimesimama.

Esta alielewa kabla yetu. Alikwenda mbio na rola zote mbili akazijaribu pale dirishani, moja baada ya nyingine, kama anamvisha mtu pete. Ya kwanza ilikataa. Ya pili ikameza kidole mpaka mwisho.

"Hii," akasema.

"Dakika nne na sekunde arobaini," akasema Mama Salome.

Nilikuwa nimeshainua mikono juu Bartholomeo aliposafisha koo. "Samahani. Kwa kanuni, kipimo hakikuwamo kwenye mfumo."

Nilikuwa na rola ya chuma karibu, Mungu ni shahidi. Lakini yule kaka alikuwa ameshatoka nje na rula. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akapima gumba kwa upana, akarudi kwenye kompyuta akaandika: milimita ishirini na nne. Akagonga kitufe cha kuhifadhi.

"Sasa kimo," alisema. Kisha akamgeukia Mama Salome. "Na ninaomba fomu hii niipeleke Shinyanga. Kule tumehamisha maarifa miezi mitano, tumepata majina tisa."

"Mwulize mwenyewe."

Masalu alikuwa ameingia ndani, amesimama mlangoni anafuta kidole kwenye suruali.

"Ichukue," alisema. "Ila jina la mtu usiliguse. Na yale niliyoandika mwenyewe usiyanyooshe. Yaache na lola zake."

"Siwezi kuyagusa, mzee. Yangeandikwa rola, Esta asingeyapata."

Mama Salome alipiga simu makao makuu mbele yetu, hakutoka nje kama anavyofanya siku nyingine. Alisimama wima katikati ya stoo, raba za Bartholomeo upande huu na gamboti zangu upande ule, akasema: "Vitatu kwa vitatu. Stoo haihami. Ndiyo. Na mtunza stoo ninaye, haihitajiki kuletwa mtu. Andika jina: Limi. Hapana, jina la pili nitawatumia, ninyi andikeni Limi kwanza."

Esta alinikumbatia akanipaka rangi yake ya mdomo shavuni. Masalu alikuja taratibu mpaka kwenye meza, akavua kofia yake ya kazi, akainama kidogo kama mtoto anayeingia kwa wakubwa, mbele ya watu wote wale.

"Shikamoo, mtunza stoo," akasema.

Mzee wa miaka sitini ananiamkia mimi. Kwetu kitu kama hicho unakikimbia mpaka uwanja wa mpira. Lakini yule alikuwa mume wangu, na utani ukiukimbia umeshindwa.

"Marahaba," nikaitikia, sauti nzito kabisa. "Karibu, mteja. Sema shida yako. Na uanze kuniambia, kamba yako ni ya katani au ya waya?"

Alicheka mpaka akashika rafu.